Mwanagenzi wa Usalama

Kwenye matanga ya mtu aliyefia kazini kuna maneno ambayo hayakosekani: ajali haina kinga. Anayeyasema anamliwaza mfiwa, na mfiwa anahitaji kuliwazwa, kwa hiyo matangani siyabishii. Hapa redioni nayabishia. Ajali nyingi za kazini zina kinga, na kinga hiyo inajulikana kitambo. Tunachokosa ni watu waliofunzwa kuiona hatari kabla haijamdhuru mtu, wakajua la kufanya nayo, na wakawa na ubavu wa kusema. Leo nataka tuzungumze watu hao wanapatikana vipi. Mimi naamini wanapatikana kwa uanagenzi: kijana akae chini ya mjuzi, karakanani, kiwandani au kwenye mjengo, mwaka uingie mwaka utoke, mpaka jicho lake likomae.

Tuanze na uanagenzi tulio nao tayari. Kijana wa hapa Mombasa amemaliza kidato cha nne, mjomba wake amempeleka kwa fundi wa welding. Siku ya kwanza anaambiwa, "Shika hapa." Anashika chuma cha geti, fundi anachomelea. Fundi ana miwani nyeusi. Kijana hana kitu, anageuza uso na kufinya macho basi. Ule moto unatoa miale mikali isiyoonekana, nayo inaunguza ngozi laini ya juu ya jicho bila uchungu wowote saa hiyo. Uchungu unakuja baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku watu wamelala. Macho yanakereketa kana kwamba yametiwa mchanga, machozi hayakatiki, taa ya chumbani haitazamiki. Nyumbani watamwekea kipande cha kiazi kibichi, au watamdondoshea maziwa, na maziwa kwenye jicho lililoungua yanaweza kumletea ugonjwa mwingine juu ya ule. Asubuhi anafika kazini macho yamevimba, na fundi anamwambia, "Karibu kazini."

Fundi huyo simlaumu sana, maana ndivyo naye alivyopokewa. Ujuzi wake ni wa kweli, geti lake halipindi wala haliachi mwanya. Lakini mwanagenzi hachagui anachorithi. Anarithi mkono mzuri wa fundi na mazoea yake yote pamoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Nenda ukaitazame grinda ya karakana yoyote ya jua kali. Uwezekano ni mkubwa utaikuta haina ile ngao ya chuma inayofunika diski. Ukiuliza, utaambiwa ngao inazuia mkono kufika pembeni. Sababu nyingine haisemwi: fundi amefunga diski kubwa kuliko mashine yake, na ngao isingeiruhusu diski hiyo kuingia. Sasa chukua diski ya inchi 9 usome maandishi yake madogo. Utaona imeruhusiwa kuzunguka takriban mara 6,600 kwa dakika. Grinda ndogo ya inchi 4 na nusu inazunguka kama mara 11,000. Ukizivalisha hizo mbili pamoja, umeizungusha diski kwa kasi inayozidi mara moja na nusu ya ile iliyotengenezewa, na ngao ambayo ingezuia vipande vyake ikipasuka umekwisha kuiondoa. Kijana anayeshika chuma amesimama mbele yake, kifua kikielekea kwenye diski. Hapo kuna ajali ambayo bado haijatokea, na mtu yeyote anayejua kusoma tarakimu mbili na kuzilinganisha anaweza kuizuia. Lakini ni lazima awepo, awe amefunzwa kutazama, na awe na ruhusa ya kusema.

Sheria yetu haikusahau. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakataza mtu kuwekwa kwenye mashine ya hatari mpaka aelezwe hatari zake, na awe ama amepata mafunzo ya kutosha ama yuko chini ya uangalizi wa mtu anayeijua mashine hiyo vizuri. Mkiyasikiliza vizuri maneno hayo, wasikilizaji, mtaona ni uanagenzi mtupu. Sheria hiyohiyo inataka kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na kila mahali pa kazi pakaguliwe kila mwaka na mkaguzi anayetambuliwa. Ni mambo mema. Lakini karakana ya fundi wetu ina watu wanne, na kamati haiwahusu. Mkaguzi wa serikali hafiki, maana wakaguzi ni wachache na vichochoro ni vingi. Hata kwenye viwanda vikubwa, mjumbe wa kamati amepewa mafunzo ya siku chache darasani, akarudishwa kwenye mashine yake na cheti mkononi. Hakuna aliyewahi kutembea naye kiwandani akamwonyesha: tazama hapa, sikiliza hapa, nusa hapa, muulize yule mama anayekohoa ameanza lini.

Kukohoa huko nakutilia mkazo, kwa sababu mawazo yetu kuhusu usalama yamesimama kwenye damu na mifupa iliyovunjika. Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 2023 lilitoa makadirio kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu za kazi. Kati yao, watu takriban milioni 2.6 hufa kwa magonjwa, na waliobaki ndio wanaouawa na ajali zenyewe. Magonjwa hayo hayapigi kelele. Vumbi la vigae na mawe linaingia mapafuni kila siku kwa miaka, na mtu anakuja kulazwa akiwa ameshaacha kazi, hakuna tena anayekumbuka alikuwa akikata nini. Kelele za mashine zinamla masikio pole pole, na nyumbani wanadhani baba amekuwa mkali kwa sababu anapayuka. Kanuni zetu za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Je, ni wangapi kwenye karakana zetu wamewahi kukiona kipimo cha kelele? Mjuzi humfundisha mwanagenzi njia ya kuanzia hata kabla ya kipimo kufika: simama hatua moja kutoka kwa mwenzako, zungumza kwa sauti ya kawaida. Mkilazimika kupayukiana, kapime, maana hapo pana jambo.

Kuna somo moja ambalo nikipewa nafasi ningelifundisha mwanzo kabisa, nalo ni la shimo. Nalisema polepole kwa sababu linaua watu wazuri. Shimo la choo limejaa, au tangi linatakiwa kusafishwa. Kijana anashuka, anaanguka. Kaka yake anamwona, anaruka ndani amtoe, naye anaanguka. Jirani anafuata. Tunasoma habari hizi magazetini, watu watatu, watu wanne, na huwa tunauliza ni nuksi gani. Hakuna nuksi. Uchafu ukioza ndani ya shimo unatoa gesi inayonuka kama yai bovu, na ikizidi kiasi inalevya pua yenyewe, harufu inapotea, mtu anadhani hewa imekuwa safi wakati ndiyo imekuwa mbaya zaidi. Tangi la chuma lililofungwa muda mrefu nalo lina mtego wake: kutu ikifanyika ndani inaimaliza oksijeni, na anayeingia anaishiwa nguvu kabla hajapata nafasi ya kuita. Wataalamu wa serikali ya Marekani walipochunguza vifo vya namna hii katika miaka ya 1980, walikuta zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa walikuwa wameingia kuokoa wenzao. Yaani huruma bila mafunzo ndiyo iliyowaua wengi zaidi.

Mwanagenzi wa usalama hujifunza shimo hilo kwa mikono yake, akiwa juu. Anajifunza kushusha kipimo cha hewa kwa kamba na kungoja, kupuliza hewa safi mpaka kipimo kikubali, kumfunga anayeshuka mkanda na kamba inayoishia juu mikononi mwa watu. Anajifunza pia kazi ngumu kuliko zote, ya mtu wa mdomoni mwa shimo, ambaye hata akisikia rafiki yake anaguta haruhusiwi kushuka. Anavuta kamba na kuita msaada. Jambo hilo halifundishiki kwa slaidi. Mtu anatakiwa alirudie na mwalimu amesimama nyuma yake, mpaka mwili uzoee kutotii moyo.

Nikija kwenye helmeti, sisemi isivaliwe. Nasema tumeifanya kuwa usalama wote. Mgeni rasmi akija, watu wanagawiwa helmeti na vizibao vya rangi, picha zinapigwa. Mjuzi wa kazi hii anavihesabu vifaa vya kuvaa mwisho kabisa. Swali lake la kwanza ni kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa. Haiwezekani? Inaweza kubadilishwa na kitu chepesi zaidi? Haiwezekani? Inaweza kuzibwa isimfikie mtu? Fundi wa vigae anayekata akiwa amefunga leso puani bado anavuta vumbi, kwa kuwa leso haizuii chembe ndogo, na hizo ndogo ndizo zinazofika ndani ya mapafu. Mpe mashine inayokata kwa maji, vumbi linageuka tope hapohapo. Halafu mwanagenzi aliyefunzwa vizuri atauliza swali la pili, ambalo wengi hawaulizi: tope hilo linakwenda wapi? Oili chafu ya gereji inamwagwa wapi? Maji ya betri je? Hapo usalama wa kazi na usalama wa mazingira vinakuwa kitu kimoja, kwa sababu mfereji wa karakana haujui mpaka wa karakana.

Watu wa Mombasa hawahitaji kuambiwa hilo na mgeni. Tunacho kijiji cha Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi kilijengwa ukutani mwa kijiji hicho, moshi ukawa unaangukia juu ya mabati ya nyumba na maji yake yakawa yanapita kwenye njia za watoto. Mwaka 2009 kiwanda hicho kilimwajiri Phyllis Omido kushughulikia uhusiano na wanakijiji, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Akishirikiana na mtaalamu, aliona kile ambacho mtu yeyote mwenye macho yaliyofunzwa angekiona: kiwanda kile hakikustahili kuwa pale. Akasema. Jibu lilikuwa kuhamishiwa kazi nyingine. Baadaye mtoto wake aliyekuwa akinyonya aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini mwake.

Sumu ya risasi haihitaji mtoto aingie kiwandani. Baba anakwenda nayo nyumbani kwenye ovaroli, kwenye nywele, kwenye viatu. Mama anaifua ile nguo, mtoto anakumbatia mguu wa baba mlangoni. Ndiyo maana mahali panapofanywa kazi ya risasi panatakiwa pawe na chumba cha kubadilishia nguo, bafu, na sehemu ya kulia chakula iliyo mbali na kazi, na nguo za kazi zifuliwe huko huko. Mwanagenzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuorodhesha kasoro hizo kwa asubuhi moja. Ukimya wa waliojua ndio uliogharimu miaka. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2015 Bi Omido akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliwapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya vuta nikuvute ya rufaa, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo. Damu ya mtoto iliyokwisha kuingia sumu haisafishwi na hukumu. Kwangu mimi, kesi ile ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kufunza watu hawa mapema, na ya kuwalinda wakishasema.

Maana hapo ndipo wengi wananiuliza, na swali lao ni la haki: kijana wa miaka 20 atamwambiaje mzee wa miaka 50 kwamba grinda yake ina hatari? Fundi atamsikiliza? Akija na daftari na filimbi, hatasikilizwa, na sioni sababu asikilizwe. Kijana huyo lazima kwanza awe ameshika chuma, ameungua kidogo, amejua uzito wa kazi na shinikizo la mteja anayetaka geti lake kabla ya Ijumaa. Ujerumani, mhandisi hapewi kazi ya usalama mpaka awe amefanya uhandisi wenyewe kwa angalau miaka 2. Wana akili. Anayejua kazi anajua pia jinsi ya kuisemea. Hamwambii fundi mbele ya wateja, "Unavunja sheria." Anangoja chai, anakaa kando yake, anasema, "Mzee wangu, naomba tuisome hii diski pamoja." Halafu anatafuta diski inayofaa na kuifunga yeye mwenyewe, ili fundi asipoteze muda wake. Wazee wengi ninaowajua wakiheshimiwa namna hiyo wanakubali, na kesho yake wanawagombeza wengine wasiosoma diski.

Na akikataa? Sheria ya 2007 inampa mfanyakazi wajibu wa kumwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa inayokaribia, na inamkataza mwenye mahali pa kazi kumrudisha mtu kwenye hatari hiyo mpaka irekebishwe. Kifungu hicho ningependa kila mwanagenzi akijue kwa moyo.

Uingereza wameshaifanya kazi hii kuwa njia ya uanagenzi: kijana anaingia kwa mkataba kama fundi sanifu wa usalama, afya na mazingira, analipwa huku anajifunza, na mwisho anapimwa na mtu asiye mwajiri wake. Hatuhitaji kuiga kila kitu. Mazingira yetu ni ya karakana ndogondogo zilizopangana, seremala, welda, fundi rangi, makanika, kila mmoja na vijana wake wawili watatu. Hakuna kati yao anayeweza kuajiri ofisa wa usalama. Lakini safu nzima ya karakana 30, kupitia chama chao cha jua kali, inaweza kuwa na mwanagenzi mmoja au wawili wa usalama, chini ya mjuzi anayewapitia kila wiki. Wazunguke asubuhi kabla ya mashine kuwashwa. Watunze daftari la waliokatwa, walioungua, na hasa la waliokoswakoswa, maana aliyekoswa leo anakuonyesha atakayepatikana kesho. Wajue hospitali iliyo karibu na jinsi ya kuosha jicho lililomwagikiwa tindikali: maji mengi safi, dakika 20 mfululizo, kabla ya kutafuta bodaboda.

Pesa? Mwajiri hapa Kenya hulipa ushuru wa mafunzo ya viwandani wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na fungu hilo lipo kwa ajili ya kujenga ujuzi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani inasimamia mikataba ya uanagenzi ya fani nyingi. Kuiweka fani ya usalama na mazingira kando ya umeme na umakanika, na kuifikisha mpaka jua kali, naona ni uamuzi wa watu wachache wakikaa mezani kwa nia njema. Kaunti nazo zina vyuo vya ufundi vyenye karakana tayari. Ningefurahi kuona kaunti moja tu ya Pwani ikianza na safu moja ya karakana.

Namalizia na nyinyi wazazi na walezi mnaopeleka vijana kwa mafundi mwezi huu, maana hamwezi kungoja kaunti. Ombeni mkataba wa maandishi, hata kama fundi ni ndugu. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi, na inamtaka mwajiri awe na bima. Muulizeni fundi kijana atavaa nini machoni siku ya kwanza, na ngao ya grinda iko wapi. Kijana akiumia, mwajiri aarifiwe mara moja na jambo hilo liandikwe. Jeraha la ajali ya kazini lazima mwajiri aliripoti kwa maandishi kwa ofisa wa usalama kazini ndani ya siku 7, na kifo ndani ya saa 24. Ofisi hizo zipo hapa mjini, na huna haja ya wakili ili kuingia mlangoni na kuuliza kama ripoti ya mwanao imefika.